Kabla ya Kuuliza Dawa, Tafuta Kiwavi Anakolala

Swali linalonifikia zaidi kuhusu nyanya za bustanini ni hili: "Nyanya zangu zimeingiliwa na wadudu, nipige dawa gani?" Muulizaji huwa ameshika nyanya yenye tundu, au amenitumia picha ya jani lililokauka, na anachotaka ni jina la chupa tu. Mimi humrudishia swali jingine, na najua huwa naudhi: huyo mdudu saa hizi yuko wapi? Yumo ndani ya jani, yumo ndani ya tunda, amejifukia kwenye udongo, au anatembea peupe juu ya majani? Dawa, iwe ya dukani au ya mwarobaini, haimuui mdudu asiyekuwapo pale inapodondokea. Na viwavi wa nyanya, karibu wote, sehemu kubwa ya maisha yao huipitisha mafichoni. Fedha nyingi za wenye bustani ndogo hupotelea hapo hapo, kwa kupulizia mahali ambapo mdudu hayupo.

Tuanze na aliye rahisi kumkamata. Umeamka asubuhi, mche uliopandikiza juzi umelala chini, shina limekatwa usawa wa udongo, majani bado mabichi. Huyo ni sota. Usipulizie kitu. Chukua kijiti, chokoa udongo kulizunguka lile shina, kina cha vidole viwili au vitatu, utamkuta amejikunja nusu duara, mnono, rangi ya kijivu au ya udongo wenyewe. Akikomaa hufikia sentimita nne hadi tano. Hula usiku na kulala mchana, na kukipambazuka huwa amezama jirani na alipokula, kwa hiyo kumtafuta asubuhi hiyo hiyo kunalipa. Ukimwacha, usiku ufuatao atakata mwingine. Kinga yake ni ya mapema: lima tuta na kung'oa magugu wiki mbili au tatu kabla ya kupandikiza, kwa kuwa nondo wake hupenda kutaga kwenye magugu, na viwavi wanaofukuliwa hufa kwa njaa au huliwa na kuku. Mwenye miche michache ana njia nyepesi zaidi. Kata chupa ya maji ya plastiki vipande vya mviringo, kila mche uvishe kimoja, ukizamishe kidogo udongoni. Shina likishakomaa, sota haliwezi tena.

Wa pili ni funza wa vitumba, Helicoverpa armigera, ambaye wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wanamjua kwa machungu. Tundu lake ni kubwa, la mviringo, aghalabu karibu na kikonyo, na si ajabu kumkuta kichwa kikiwa ndani ya nyanya na makalio nje, kinyesi kibichi kimezagaa mlangoni. Rangi yake isikudanganye: mmoja ni wa kijani, mwingine wa kahawia, mwingine karibu mwekundu, na wote ni wale wale, wenye mistari ubavuni, urefu hadi sentimita nne. Ubaya wake ni kwamba hamalizi tunda. Hula kidogo, huhamia la jirani, na tundu aliloacha linaingiza maji na vimelea vya kuoza. Ndiyo maana funza mmoja tu anaweza kukuharibia kichala kizima.

Nondo wake hutaga yai moja moja kwenye majani ya juu na karibu na maua. Mtoto akianguliwa huzurura juu ya mmea kwa muda mfupi, akiguguna majani na maua, kabla ya kupata tunda la kuingia. Hapo katikati, kati ya kuanguliwa na kuingia, ndipo pekee dawa ya kupulizia ina maana kwake. Tunda likishatobolewa, kazi ya dawa imekwisha na kazi ya mkono imeanza. Tena angalia jirani umepanda nini. Nondo huyu huyapenda sana mahindi yanapotoa ndevu. Yakikauka, hutafuta kwingine, na nyanya zako zenye maua ndizo zilizo karibu. Mbaazi na bamia nazo ni nyumba zake.

Wala majani wa kawaida nitawapitia haraka. Kuna kiwavi anayetembea kwa kujikunja mgongo, akitoboa majani matundu makubwa. Huyu anatisha kuliko anavyodhuru, na mmea wenye afya unamstahimili. Kuna wale wanaotokana na fungu la mayai lililofunikwa manyoya ya rangi ya kahawia chini ya jani, ambao siku za mwanzo hula wakiwa kundi. Ukilikuta jani hilo, lichume zima uliponde, umemaliza familia nzima bila kutumia senti.

Hapa niseme neno kuhusu picha za simu. Wengi wakitafuta kiwavi wa nyanya kwenye intaneti huletewa picha ya jitu la kijani lenye pembe mkiani. Huyo ni mdudu wa Marekani, na hayupo kwetu. Ukikutana na kiwavi mkubwa mwenye pembe kwenye nyanya au viazi mviringo Afrika Mashariki, yaelekea ni mtoto wa nondo yule mkubwa mwenye alama ya fuvu mgongoni, Acherontia atropos. Ni mgeni wa nadra. Mwondoe kwa mkono, basi. Nimeona watu wakinunua dawa kali kwa ajili ya mdudu waliyemwona kwenye picha tu, ilhali anayewamaliza ni mdogo kuliko punje ya mchele.

Huyo mdogo ndiye ninayetaka tumtazame vizuri. Watanzania wanamwita kantangaze. Maduka mengi ya Kenya yanamtaja kwa kipande cha jina lake la kisayansi, Tuta. Jina kamili alilozoeleka nalo ni Tuta absoluta. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1917 kutokana na nondo waliokamatwa Peru, na kwa miongo mingi akabaki tatizo la Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa mwaka 2006 akaonekana Hispania. Toka hapo hakusimama: alizunguka Bahari ya Mediterania, akafika Sudan mwaka 2010, Ethiopia 2012, na kufikia 2014 alikuwa ameshaingia Kenya na Tanzania, ambako aligunduliwa Ngarenanyuki, Arumeru, katika mashamba ya nyanya yaliyo chini ya Mlima Meru. Nigeria ndiko alikoonyesha anachoweza: mwaka 2016 serikali ya jimbo la Kaduna ilitangaza hali ya dharura ya nyanya, na kiwanda kipya cha nyanya cha Dangote karibu na Kano kikasimama miezi michache baada ya kufunguliwa kwa kukosa malighafi.

Nondo wa kantangaze ana urefu wa milimita tano hadi saba, rangi ya kijivu yenye madoa meusi, na mchana hujibanza katikati ya majani. Ukitikisa mmea ukaona vijidude vya kijivu vikiruka kidogo na kutua tena, shuku. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 260 hivi, moja moja, aghalabu chini ya jani. Baada ya siku nne hadi sita kiwavi huanguliwa, hutembea kitambo kidogo kutafuta pa kuingilia, kisha hutoboa na kuzama katikati ya ngozi mbili za jani. Humo hula nyama ya jani na kuacha utando mweupe unaopitisha mwanga. Chuma jani lenye utando huo, liinue kuelekea jua: utaona kinyesi cheusi kimekusanyika na, kama hajahama, kiwavi mwenyewe akijikunyata, wa rangi ya maziwa au kijani, mwenye mstari mweusi nyuma ya kichwa. Akikua huwa na wekundu mgongoni, lakini hata akikomaa hafiki sentimita moja. Mashambulizi yakizidi huingia kwenye ncha changa, ambazo hunyauka, na kwenye matunda mabichi, kupitia tundu dogo ambalo mara nyingi limefichwa na zile kofia za kijani pale kikonyo kinapoanzia.

Watu wengi humchanganya na wengine wawili. Wa kwanza ni buu wa inzi mdogo anayechora jani. Njia yake ni uzi mwembamba mweupe unaopindapinda, wakati kantangaze huacha bato pana. Buu huyo ni mtoto wa inzi, wala si kiwavi, na dawa nyingi za viwavi hazimsumbui. Mmea uliokwisha kukua humvumilia bila hasara kubwa. Wa pili si mdudu kabisa: nyanya inayokuwa nyeusi na kubonyea kitakoni, bila tundu lolote. Hilo ni tatizo la kalisi kutofika kwenye tunda, na chanzo chake kikubwa ni kumwagilia leo sana, kesho kusahau. Mwagilia kwa kiasi kile kile, weka matandazo, na uache bomba lako ghalani.

Sasa kuna jambo moja kuhusu kantangaze ambalo ratiba za kupulizia hazilizingatii, nalo ni joto. Katika vipimo vilivyofanywa maabara, safari yake kutoka yai hadi nondo ilichukua siku 76 kwenye nyuzijoto 14, lakini siku 24 tu kwenye nyuzijoto 27. Mwenye bustani Lushoto mwezi Julai na mwenye bustani Mombasa mwezi Februari wana mdudu mmoja lakini wana vita viwili tofauti. Huko pwani kizazi kipya kinaweza kukufikia kila mwezi mmoja au pungufu, na mwaka mmoja kukupa vizazi kumi na zaidi. Anayekuambia "pulizia kila baada ya siku saba" bila kuuliza unaishi wapi, anakupa kalenda ya kumaliza dawa; kalenda ya mdudu haijui.

Basi tufanye nini? Mwenye ekari tatu Ilula au Mwea ana hesabu zake, na sitazigusa. Mwenye miche ishirini au thelathini nyuma ya nyumba ana faida ambayo mkulima mkubwa hawezi kuinunua: anaweza kuutazama kila mmea, jani kwa jani, mara mbili kwa wiki, kabla chai haijapoa. Silaha yake ya kwanza ni vidole na mfuko wa plastiki. Kila jani lenye utando, kila ncha iliyonyauka, kila tunda lenye tundu, liingie mfukoni, mdomo ufungwe, mfuko uachwe juani siku kadhaa mpaka kila kilichomo kife. Usilitupe jani hilo kando ya ua wala kwenye shimo la mboji. Kiwavi aliyemo atatoka, atajikokota hadi kwenye udongo na kugeuka pupa, na baada ya wiki moja au mbili nondo ataruka kurudi kwenye nyanya zako. Anza kazi hii tangu kwenye kitalu, maana wengi huleta kantangaze nyumbani wenyewe, ndani ya miche waliyonunua barabarani bila kugeuza majani kuangalia chini, au kwenye tenga lililotoka sokoni.

Mtego wa harufu unauzwa siku hizi katika maduka mengi ya pembejeo. Ni kidonge kidogo cha mpira chenye harufu ya jike, kinachoning'inizwa juu ya beseni la maji yenye matone ya sabuni. Madume huja wakidhani wameitwa, hutumbukia. Ni kitu kizuri, ila tukielewe. Kinakamata madume tu. Kwenye bustani ya wazi, majike waliokwisha kupandwa hufika kutoka kwa jirani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba jike wa mdudu huyu anaweza kutaga mayai yanayoanguliwa hata bila dume. Kwa hiyo mimi huuchukulia mtego huo kama saa ya ukutani: unakuambia nondo wameanza kuruka lini, ili uongeze ukaguzi na, ikibidi, upulizie viwavi wakiwa ndio kwanza wanaanguliwa. Anayeuweka akaenda kulala akidhani umemaliza kazi, atashangaa. Tena harufu ya kantangaze haimvuti funza wa vitumba. Kila mmoja ana kidonge chake.

Wavu wa kuzuia wadudu unafaa sana kwa tuta dogo, kwa sharti uwekwe siku ya kupandikiza na pembe zote zifukiwe. Nyanya hujichavusha yenyewe, kwa hiyo tikisa tu vichala vyenye maua kila siku chache, utapata matunda bila kuhitaji nyuki.

Ikifika hatua ya kupulizia, mimi huanza na bakteria. Bacillus thuringiensis, ambaye maduka humwita Bt, alitambuliwa Japani mwaka 1901 akiua viwavi wa hariri, na leo anauzwa kama unga au majimaji ya kuchanganya na maji. Anafanya kazi tumboni tu: lazima kiwavi ale jani lililopakwa. Akishakula, utumbo huharibika, huacha kula, hufa baada ya siku chache. Hamdhuru mbuzi, kuku, nyuki wala mtoto anayechuma nyanya. Udhaifu wake ni jua, ambalo humharibu upesi, na umri wa kiwavi, kwani aliyekomaa huhimili kuliko mchanga. Pulizia jioni, lowesha chini ya majani kuliko juu, na rudia baada ya siku tano hadi saba wakati nondo wanaruka. Kwa funza na wala majani ni dawa nzuri hasa. Kwa kantangaze humpata yule ambaye bado hajaingia ndani ya jani, kwa hiyo haimwondolei mtu kazi ya mkono.

Mwarobaini nao una nguvu kuliko wengi wanavyodhani, na dhaifu kuliko wauzaji wanavyodai. Nguvu iko zaidi kwenye kokwa, wala si kwenye majani. Twanga nusu kilo ya kokwa zilizokaushwa kivulini, loweka kwenye lita kumi za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ya kipande ili ishike kwenye majani, pulizia jioni hiyo hiyo. Usitarajie viwavi waanguke mbele ya macho yako. Mwarobaini huwakatisha hamu ya kula na kuwazuia kujivua ngozi ili wakue. Matokeo huonekana kwa kupungua, taratibu.

Dawa kali za viwandani zina nafasi yake, ila kwenye bustani ya mboga nafasi hiyo ni finyu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usugu. Kantangaze aliondoka Amerika ya Kusini akiwa amekwisha kuzoea dawa nyingi za zamani, zikiwamo zile za jamii ya pairethroidi zinazouzwa bei rahisi. Hata kundi jipya la diamaidi, lililokuja likisifiwa sana, halikudumu: mwaka 2015 watafiti waliripoti kantangaze wa Sisilia, Italia, waliokuwa hawafi tena kwa dawa hizo. Mbaya zaidi, dawa za kuua kila kitu huua pia wanaokusaidia, buibui, siafu, kunguni wanaokula mayai ya nondo, na nyigu. Kituo cha icipe cha Nairobi kilimleta kutoka Peru nyigu mdogo aitwaye Dolichogenidea gelechiidivoris, anayetaga ndani ya viwavi wa kantangaze, na kumwachia mashambani Kenya. Nyigu huyo hatambui mpaka wa ua wako. Ukipulizia ovyo, anakufa pamoja na wengine.

Kama umelazimika, soma lebo. Lebo nyingi huonyesha namba ya kundi la dawa, kwa mfano 3A, 6 au 28. Chupa mbili zenye majina na rangi tofauti zikiwa na namba moja ni dawa moja kwa mdudu. Tumia kundi moja katika kizazi kimoja, kisha hamia jingine. Usichanganye mawili kwenye bomba moja kwa kutaka nguvu. Pima kwa kipimo, si kwa kisoda. Usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda hata ikiwa nusu bei, na hakikisha imesajiliwa kwa ajili ya nyanya na mamlaka husika, TPHPA kwa Tanzania, PCPB kwa Kenya.

Sababu ya pili ndiyo nzito. Kila lebo hutaja siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Mkulima wa sokoni anaweza kupanga mavuno yake. Bustani ya nyumbani haivunwi kwa mpango; mtu huingia jioni, akachuma tatu zilizoiva, zikaenda kwenye kachumbari zikiwa mbichi. Dawa ya kusubiri siku saba ina maana siku saba hakuna anayegusa nyanya hizo, wala mtoto, wala dada wa kazi, wala jirani aliyeomba mbili. Kama huwezi kuhakikisha hilo, msimu wa kuchuma usipulizie dawa ya kiwandani. Afadhali upoteze robo ya matunda.

Na kuna kazi moja ambayo haina gharama na ambayo karibu kila mtu huiacha. Nyanya zikichoka, watu huziacha zisimame mpaka zikauke zenyewe, wakichuma tunda moja leo na moja wiki ijayo. Mashina hayo yaliyozeeka ndiyo kiwanda cha nondo wa msimu unaofuata. Siku unayoona mavuno hayana maana tena, yang'oe yote, yafungie kwenye mifuko au yachome, piga jembe tuta ili pupa waibuliwe juani, kisha kaa angalau wiki sita bila nyanya, bilinganya, viazi mviringo wala nyanya chungu mahali hapo. Mnavu unaoota kando ya ua uufyeke pia au, kama mnaula, ukague majani yake kama ulivyokagua ya nyanya. Halafu vuka ua, mwombe jirani ang'oe zake wiki hiyo hiyo.